Mchezo Ambao Baba Hakuumaliza

Kizibo cha soda kikianguka kwenye sakafu ya saruji hulia kwa sauti nyembamba, huzunguka kidogo, kisha hulala. Juzi nilikuwa hotelini hapa Mikumi nikisubiri chipsi, mhudumu akafungua soda ya chupa na kizibo kikamponyoka. Watu waliendelea kula. Mimi nikajikuta Kilosa, barazani kwetu, baada ya sala ya alasiri, baba akitandaza drafti.

Siku hizi vijana wanajazana kwenye vibanda vya gemu, macho kwenye skrini, na siwalaumu. Sisi tulikuwa na kipande cha plaiwudi ambacho baba alikichora miraba kwa rangi iliyobaki alipopaka mlango. Vizibo tuliviokota mbele ya baa, jambo lililomkera sana shangazi, mtu wa swala tano. Vya baba vililazwa kifudifudi, vya mwenzake chali.

Mwenzake huyo alikuwa Mzee Chande, Msagara. Baba alikuwa Mnyamwezi, mjukuu wa mtu aliyekuja kukata mkonge, kwa hiyo wawili hao walikuwa watani. Asiyejua utani angewaitia polisi. Nilipomwamkia Mzee Chande shikamoo, aliitika marahaba kwa upole, kisha akapaza sauti, "Mtumwa wangu kaamka, au bado anakoroma?"

Baba alijibu kutoka ndani, "Mwambie huyo Msagara leo namfunga mpaka akimbilie kwao Malolo!"

Walitukanana hivyo mpaka jua linazama, na mama alicheka jikoni hadi maharage yakaungua. Sheria yao kuu ilikuwa moja: adhana ikiwakuta katikati ya mchezo, vizibo viliachwa vilivyo, na ole wake mtoto atakayegusa.

Alasiri moja baba alishika kifua, zamu yake ya kucheza ikiwa imefika. Walipompakia kwenye gari kwenda hospitali, Mzee Chande aliinua ile drafti taratibu, kama mtu aliyebeba trei ya mayai, akaenda nayo kwake kuitunza mpaka mwenzake apone. Baba hakupona.

Siku ya mazishi, baba mdogo alifika kutoka Dar. Alikuwa amelelewa huko tangu mdogo, amesoma, anavaa saa kubwa, na Kilosa alikuja kwa nadra. Wanawake tulikuwa ndani na mama. Mimi nilichungulia dirishani. Jeneza lilipokaribia kutolewa, nilimwona Mzee Chande amekaa chini katikati ya njia, drafti mbele yake, vizibo vimepangwa kama walivyoviacha.

"Hapiti mtu hapa!" alipiga kelele. "Mnyamwezi mwoga wewe! Umeona nakufunga ukaamua kufa? Amka, ni zamu yako!"

Wazee kadhaa waliinamisha vichwa kuficha tabasamu. Baba mdogo hakutabasamu. Alitoka mbio, akapiga teke ile drafti, vizibo vikatawanyika mchangani.

"Mzee, huna adabu? Ondoka msibani kwetu!"

Imamu alijaribu kumweleza kwamba huyo ni mtani, kwamba hiyo ndiyo kazi yake msibani. Maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Mtani hakasirikiwi, na akifukuzwa harudi mpaka wenye msiba waende kwake kumwomba. Mzee Chande alisimama, akajipangusa kanzu, akaondoka bila hata kuokota kizibo kimoja. Wanaume wakabeba jeneza kwenda makaburini.

Mimi, kwa utoto wangu, niliona baba mdogo amemtetea baba. Nilijua tu kwamba mtu alikuwa anamtukana marehemu, na sasa amenyamazishwa.

Mama alimsihi shemeji yake aende kuomba radhi. Akasema hawezi kumwomba radhi mlevi, wakati Mzee Chande hakuwahi kuonja pombe maishani. Kesho yake akarudi Dar. Mzee Chande akahamia kwa binti yake Msowero, na huko akafia, hatukupewa hata taarifa. Barazani kwetu hapakuchezwa drafti tena. Inaniuma mpaka leo.

Nilikuwa tayari na watoto wangu siku mama aliponiambia upande wake wa siku ile ya mazishi. Tulikuwa tunachambua mchele, akasema bila kuniangalia, "Tangu alfajiri nilikuwa nimekauka, mwanangu, hata machozi hayatoki. Nilipomsikia Chande anamwita baba yako mwoga, kicheko kilinifika hapa," akagusa koo, "nikajua sasa nitalia. Ndipo nikasikia vizibo vinamwagika."

Mzee Chande alikuwa amekuja kumlilia rafiki yake kwa njia pekee ambayo mtani anaruhusiwa, nasi tukamfunga mdomo. Asiyetaniwa msibani ni mgeni tu, mtu aliyefia safarini asiyejulikana na yeyote. Baba alizaliwa Kilosa, akaishi Kilosa, na pale pale Kilosa tukamzika kama mpita njia.