Risasi nzito alizonichagulia Salum

Leo nimejua kwa nini misimu mitatu sijaangusha hata swala mmoja.

Nimefunga duka langu la vitenge Kariakoo mapema, nikaenda mjini na kibali changu kununua risasi.

Salum, rafiki yangu ninayewinda naye, ana bunduki kama yangu kabisa. Ndiye aliyenifundisha: "Kaka, chukua nzito. Nyepesi ni za kupigia ndege."

Nikaamini. Yeye zake anabeba kwenye soksi, boksi anaacha nyumbani. Sikuwahi kujiuliza.

Muuzaji, Mzee Kanji, kaniuliza nawinda wapi. Nikamwambia mbugani, kweupe, mnyama yuko mbali.

"Sasa nzito za nini? Zikienda mbali zinashuka, zinapita chini ya tumbo. Mbona mwenzako Salum anachukua nyepesi miaka yote?"

Nikamwambia anipe nyepesi.

Jamani, kila nikikosa alikuwa ananipiga bega: "Mkono wako una woga." Na mimi nikirudi nasimulia mtaa mzima shabaha yake.

Sasa hivi kapiga simu: "Umeshachukua zile nzito?"

Ninyi mngemjibuje?

Mimi nimemwambia ndiyo, huku nazipanga nyepesi kwenye soksi.