Hatua za Baba Mkubwa

Harufu ya mabibo yaliyooza inanichefua hadi leo. Ikinipitia sokoni, namwona baba mkubwa akipima shamba letu la mikorosho kwa miguu, udongo wa kaburi la baba bado haujakauka.

Yeye na mama walikubaliana kugawana nusu kwa nusu, hatua zilingane. Upande wa mama alitembea kama bibi harusi, kisigino kikigusa kidole. Alipogeukia upande wake alitanua miguu kama anayeruka mtaro, huku akihesabu kwa sauti ya mcha Mungu.

"Shemeji, mbona miguu imerefuka ghafla?" mama aliuliza.

"Hatua ni hatua," alijibu bila kugeuka.

Alipofika kwenye mkorosho mkubwa aliivuta mno hatua ili aupite, suruali ikachanika nyuma, praa! Majirani walioitwa kushuhudia wakatazama chini. Walikuwa wametazama chini tangu mwanzo.

Mama hakucheka wala hakulia. Alivua kanga ya begani, akamtupia.

"Jisitiri, shemeji. Shamba umeshalichukua, na kanga hiyo usinirudishie."

Akaiokota, akajifunga kiunoni, akaendelea kuhesabu.