Maji ya Kumpa Mgeni

Kwetu mgeni haulizwi habari kabla hajanywa maji. Mama alilishika hilo kuliko hata sala zake. Mtu akitia mguu uani, awe padri, awe mchuuzi wa ng'ombe, kwanza kikombe, kimejaa, halafu ndiyo salamu. Na maji yenyewe yalikuwa ya mto wetu, ule unaoteremka kutoka upande wa Buhemba na kupita chini ya mashamba. Pembeni ya mto mama alichimba kisima chake mchangani, akakizungushia mawe, akakijivunia utadhani alikizaa. "Wenzangu wana mabati," alikuwa akisema, "mimi nina maji."

Leo nakaa Musoma, maji nafungua bomba tu. Lakini mto ule naujutia mpaka kesho.

Miaka ya foleni tulikosa kila kitu isipokuwa maji. Sabuni ilikuwa hadithi. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai, sufuria tukasugua kwa majivu. Halafu ikaja ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka ya Bunda yakafurika sabuni mpaka barazani, na sisi mfukoni hatuna kitu. Pamba hailipi, basi watu wakakimbilia dhahabu, baba akiwamo. Vilima vilivyo juu yetu vikatobolewa mashimo. Zikaja karasha za kusaga mawe, na unga wake ukaoshwa kwa zebaki palepale ukingoni. Mchanga uliobaki wakaurundika kando ya mto, mweupe, laini kama unga wa muhogo.

Na sisi, jamani, tukaupenda mchanga ule! Haukukwaruza sufuria. Baba alituletea kwa debe, majirani wakaja kuomba, mama akawagawia bila choyo. Vyombo viling'aa hadi unajiona meno. Kikombe cha wageni ndicho alichokisugua kuliko vyote. Hakuna aliyetuonya, na hata angetokea wa kutuonya, kwa jinsi vyombo vilivyong'aa, sidhani kama tungemsikiliza.

Masika yakashusha rundo lote mtoni. Maji yakawa ya kijivu, mazito kama uji. Kambale walielea matumbo juu, sisi watoto tukawaokota kwa vifijo, wajinga wakubwa. Kisima cha mama kikajaa tope; akalizoa, likarudi. "Yatatulia," alisema. Akawa anayaacha mtungini usiku kucha, asubuhi anachota ya juujuu, tunakunywa. Ng'ombe walituzidi akili: wakifika mtoni wananusa, wanageuza. Mimi tumbo likaanza kunisokota, nikakonda, ngozi ikawasha usiku na mchana. Zahanati wakanipa dawa ya minyoo.

Ndipo akaja mjomba, mdogo wake mama, mvuvi wa Kibara, na sato wakavu wamefungwa kwenye gazeti. Mama akamletea maji ndani ya kile kikombe kinachong'aa. Mjomba akaonja, akayamwaga chini mbele yetu sote.

Heri angemtukana.

"We! Unamwaga maji yangu?" mama akafoka.

"Dada, haya siyo maji. Si nilikuwaga nakunywa hapahapa? Nayajua. Haya yananuka chuma." Akanishika mkono, akautazama ulivyochubuka kwa kujikuna. "Na huyu ndiyo anakunywa haya? Nipe nikae naye Kibara."

"Mwanangu ana kwao. Sijafa mimi."

"Basi hameni wote."

"Nihamie wapi? Na kisima changu nimwachie nani?"

Baba alikuwa amekaa kizingitini, viatu vimejaa vumbi jeupe la karasha. "Bati liko njiani," alisema, kana kwamba kuna aliyemuuliza habari za bati.

Mjomba alilala kwetu. Asubuhi mama alikwenda kisimani kama kawaida, akakaa huko muda mrefu, akarudi na ndoo tupu. Sikuwahi kumwona akirudi na ndoo tupu. Akafunga nguo zangu kwenye kanga yake kuukuu, akanikabidhi kwa mjomba. "Nenda ukapone," aliniambia. "Usizoee sana huko." Mimi nilikuwa nafurahia basi na samaki. Machozi yake nikadhani ni ya moshi wa jikoni.

Kibara nikapona kweli, nikanenepa, hata jina la utani nikapewa. Likizo ilipofika nikarudi nyumbani. Bati jipya lilikuwa linawaka juani, nikaliona tangu barabarani, nikakimbia mpaka uani, koo limekauka. Mama akanikumbatia, akanigeuzageuza, akacheka kwa nilivyonona. Nikakaa kusubiri kikombe.

Aliingia ndani. Nikasikia kifuniko cha mtungi kikifunuliwa, kikafunikwa tena. Akatoka, akapita mbele yangu, akaenda hadi kwenye kibanda kilichofunguliwa kwa ajili ya wachimbaji. Akarudi na chupa ya soda, ya moto, akaifungua kwa meno, akanipa kwa mikono miwili kama wanavyopewa wageni.

"Mama, nipe tu maji."

"Kunywa soda, mwanangu," alisema bila kunitazama. "Maji tunakunywa sisi wenyeji."