Tumbo la Sweta

Siku hizi nikisikia redioni watu wakijadili kwamba mama lishe, fundi cherehani na muuza mboga nao walipwe wanapojifungua, kama wanavyolipwa watumishi, moyo hunienda mbio. Wajukuu zangu hucheka nikiwasimulia kwa nini. Mimi sicheki, maana woga wa mwaka ule bado naujua.

Nilikuwa nawapikia madereva wa kombaini kwenye shamba la ngano la serikali, kule uwandani Hanang. Mume wangu alikuwa kibarua wa msimu, na msimu ule hakuitwa, kwa hiyo nyumba nzima ilikula kwa chungu changu cha makande. Jirani yangu, karani wa ofisi ya shamba, alijifungua mwezi mmoja kabla yangu. Akakaa nyumbani na mwanawe, akiota jua mlangoni, na mshahara ukamfuata huko huko. Nilimwonea wivu wa kunikosesha usingizi.

Wanasema ng'ombe wa maskini hazai. Mimi nilizaa, tena katikati ya mavuno.

Kwetu sisi watu wa Mbulu, enzi zile, mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, hakutoka nje wala hakupikia watu mpaka siku zake ziishe na atolewe kwa desturi. Chakula cha mkono wake hakikuliwa. Watu waliogopa kitaleta balaa, mifugo ife au mashine imkate mtu. Desturi hiyo ilimpumzisha mama, siikatai. Ila haikusema huyo mama atakula nini. Na pale langoni mwa shamba mwanamke mmoja kutoka Nangwa alikuwa ameshaweka mafiga yake karibu na yangu. Kila siku alinitazama tumbo na kuniuliza kwa upole, "Bado tu, dada?" Nilijua nikilala mpaka siku zangu ziishe, wateja wote ni wake.

Lakini mjamzito hakatazwi kupika. Basi nikaamua kubaki mjamzito. Nilipojifungua nilituma neno shambani kwamba nina malaria, na siku chache baadaye nikakunja sweta la mume wangu, nikalifunga tumboni kwa kanga, nikavaa gauni pana, nikaenda kuwasha moto. Mtoto nilimwacha kwa mama mkwe.

"Ukijulikana, hata maji hawatakunywa kwako," aliniambia. "Na sisi watatukimbia wote."

Sijawahi kuogopa vile. Nikiinama kupuliza moto, sweta lilishuka. Nikisimama ghafla, damu ilinishuka pia, na nikabana miguu huku nikipakua. Dereva mmoja akanitania kwamba huyo mtoto anasubiri ngano yote iingie ghalani kwanza. Wakacheka, nami nikacheka, mkono mmoja umeshika tumbo lisije likaanguka.

Niliyemhofia zaidi alikuwa dereva mzee, mtu wa Mbulu kama mimi, ambaye wenzake wote walimpa shikamoo kabla ya kukaa. Huyo hakula kabla hajajua nani kapika. Akila yeye, wote wanakula. Akiweka sahani chini, wote wataweka.

Mchana mmoja mama wa Kibarbaig alipita akiuza maziwa, mtoto mgongoni. Mtoto akalia. Kilio kile kikanishika kifuani na maziwa yangu yakatoka bila kuniuliza, yakalowesha gauni pande zote mbili. Nikajifunika kwa mikono, lakini mzee alikuwa ameshaona. Akaweka sahani chini taratibu, akaja karibu na chungu kana kwamba anataka chumvi. Nilikuwa nahesabu mwisho wangu.

"Ni mtoto gani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wa kiume, baba."

"Yuko hai?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba na yeye anaogopa. Mama aliyefiwa na mtoto mchanga alitengwa zaidi ya mzazi, na mzee alidhani ndilo ninaloficha.

"Yuko hai, baba. Yuko kwa bibi yake."

Alishusha pumzi. Akavua koti lake la kazi, akanipa. "Vaa. Upepo ni mkali leo," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, akarudi akakaa mbele ya sahani yake.

Hakula tena chakula changu. Desturi yake ilikuwa desturi yake. Lakini kila mchana alikuja akakaa pale pale, akapokea sahani, akachezea kijiko, akazungumza na wenzake mpaka wamalize. Kisha alikwenda kumwaga makande nyuma ya gurudumu, ambako mbwa wa walinzi walikuwa wameshajua saa yake. Alipanda mashine na njaa mpaka jioni. Nami kila siku niliogopa kwamba leo atachoka, leo atasema.

Hakusema. Siku kombaini ya mwisho ilipoingizwa gereji, nilimrudishia koti lake, nimelifua. Alinitazama tumbo, lile tumbo la sweta, bila kutabasamu.

"Ngano imeisha, mama," akasema. "Sasa nenda kajifungue."