Nilivyokiri Makosa ya Nchi Tajiri

Wenzangu, leo naweza kucheka, lakini siku ile nilijua nalala seli.

Mimi hukausha samaki kwa moshi hapa Muhuru Bay, kando ya ziwa. Chifu alinipigia simu niende Homa Bay kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi. Hakunieleza zaidi. Nilifika nimechelewa, nikaketi nyuma. Mbele, afisa mmoja alikuwa akigonga meza.

"Waliochafua hewa wanajulikana! Safari hii tutawataja kwa majina, na lazima walipe!"

Tanuri langu hutoa moshi mchana kutwa, na jirani yangu haachi kulalamika. Kumbe amenishtaki! Nikaangalia mlango, nikaona askari amesimama pale pale.

"Mama Akinyi wa Muhuru Bay yuko? Aje mbele."

Nilitembea kama mtu anayepelekwa kunyongwa. Nilipopewa maikrofoni, machozi yakanitoka.

"Mkubwa, ni mimi. Huo moshi ni wangu. Nitabomoa tanuri leo leo, lakini msinifunge, nina watoto."

Afisa akanitazama kwa huruma.

"Mama, tunasema juu ya nchi tajiri zenye viwanda. Tulikuita utueleze vile ziwa lilifurika likameza nyumba yako, tupeleke kilio chako kwenye mazungumzo ya kimataifa. Wewe ndiye unayewadai fidia."

Nikanong'ona, nikisahau kwamba maikrofoni bado iko mdomoni.

"Yawa! Kwa hivyo sifungwi?"

Spika zote zikalirudia swali langu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.