Elfu Ishirini na Sanduku

Nikisikia muziki wa michezo ya maswali kwenye televisheni huizima, hata wageni wakiwapo. Wanangu husema nina roho mbaya. Wacha waseme.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukikaa mtaa wa Kuze, Mombasa, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia lilikuwa limeshakwisha kazi. La kushoto daktari alisema litaokoka likipasuliwa mapema, akataja bei, na mama mdogo akarudi nyumbani akakanda unga wa mahamri. Yeye ndiye aliyekuwa akimtunza bibi, kwa biashara ya mahamri na viazi karai mlangoni.

Basi kampuni moja ya mafuta ya kupikia ikaleta mchezo wake Mombasa. Tulikuwa tukiutazama kila wiki. Maswali yenyewe ya kipuuzi, mlima gani mrefu, ziwa gani kubwa. Ukijibu yote mtangazaji hukuonyesha noti, halafu hukuuliza: utazichukua hizi uende zako, au utaziacha ufungue sanduku? Sandukuni huenda mna friji, huenda mna takataka. Neno lako la kwanza ndilo neno, hakuna kurudi nyuma. Watu walipenda hapo hasa, pa mtu kuumbuka.

Mama mdogo alikwenda kwanza kumuuliza mwalimu wa madrasa. Akaambiwa kujibu maswali si haramu, lakini kuacha pesa ulizopewa kwa ajili ya sanduku usilolijua ni kamari. Akafurahi, kwa sababu sanduku hakuwa na haja nalo. Alitaka noti, na noti zilikuwa elfu ishirini, zinatosha jicho moja na nauli ya teksi.

Nilimsindikiza mimi. Ukumbi ulikuwa mjini, umejaa watu wa mtaani kwetu, wa bandarini, wa maofisini, na wanafunzi walioletwa kupiga makofi. Palinuka jasho na mafuta ya nywele. Mtangazaji alikuwa kijana kutoka Nairobi, suti inameremeta, uso umepakwa poda mpaka shingoni, na kila alipomkaribia mshindani wa kike alimshika bega. Alimshika mama mdogo pia, juu ya buibui, na mama mdogo akasogea, naye akasogea naye. Nilitamani kumtapikia.

Maswali aliyajibu yote. Kijana akazipanga noti kama upepeo, akampungia nazo usoni, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Mama, nikupe hizi elfu ishirini?"

Sasa, kwetu mtu hapokei kitu kwa tamko la kwanza. Ukiambiwa karibu chakula, umeshiba, hata kama hujatia kitu kinywani tangu alfajiri. Mwenyeji hukushika kukusihi, ukakataa tena kidogo, akakuapia, ndipo ukanawa mikono. Asiyefanya hivyo huitwa mroho, na mamake husemwa kwamba hakumfunza. Mama mdogo alikuwa ameyafanya haya tangu ajue kusema. Sidhani hata aliusikia mdomo wake.

"La, ahsante, mwanangu," alisema. "Usijisumbue."

Akatabasamu, akangoja ashikwe.

Kijana alikwishageuka. Aliutangazia ukumbi kwamba mama amezikataa, mama anataka sanduku, na muziki ukapigwa. Mama mdogo alinyoosha mkono nyuma yake, akisema nipe basi, nipe, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshaondoka. Sanduku likafunguliwa. Ndani mlikuwa na champali moja ya mpira, kuukuu, yenye alama ya kisigino cha mtu. Kijana akamkabidhi kiatu kile mkononi, mtu mzima, mbele ya watu, na ukumbi mzima ukacheka, na waliocheka zaidi walikuwa wa mtaani kwetu, wanaojua vizuri sana kwa nini alisema la.

Bibi hakuambiwa. Mama mdogo alimwambia tu kwamba hakushinda.

Mchezo ulipotolewa kwenye televisheni, majirani walikuja wote, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa na seti. Walikunywa kahawa yetu, wakala mahamri yetu, wakangoja kiatu. Kulikuwa na bikizee mmoja jirani, mhafidhina kweli, aliyekuwa ameshamsengenya mama mdogo mtaa mzima kuwa amecheza kamari. Naye alikuja mapema akapata kiti cha mbele. Nilikuwa nikipitisha sinia na nikiwachukia mmoja mmoja.

Bibi alikaa mkekani karibu na kioo, uso umeelekea ukutani kidogo, akisikiliza. Alisikia maswali, akasikia majibu ya mwanawe, akatikisa kichwa kwa radhi. Alisikia elfu ishirini. Alisikia la, ahsante, usijisumbue. Kisha muziki, kisha kicheko cha ukumbi, na kicheko cha chumbani kwetu juu yake.

Alingoja mpaka watu wakanyamaza.

"Hakukushika mara ya pili?" aliuliza.

"Hakunishika, mama."

Bibi akapeleka mkono mbele, akakigusa kioo cha televisheni, pale sauti ya yule kijana ilipotokea.

"Mtu huyu ana uso gani?"

Mama mdogo akatazama. Ndipo majirani walipoanza kuinuka, mmoja mmoja, wakitafuta viatu vyao mlangoni.

"Yuwacheka, mama," akamwambia. "Hata sasa yuwacheka."