Rangi Juu ya Chuma cha Marehemu

Fundi alimwoa mjane, na mjane akaja na pikipiki. Ilikuwa kubwa, ya zamani, mali ya mume wa kwanza, na ubavuni mwa tangi marehemu aliandika kwa mkono wake, akimkusudia mkewe: Chaguo Lake. Kila asubuhi fundi alipotoka uani kupiga mswaki, maneno hayo yalikuwa yameshaamka.

Mwaka wa kwanza alimeza. Wa pili akasema chuma kinaliwa na kutu. Akaifungua pikipiki yote, akaipaka rangi nyeusi mara mbili. Mkewe alilitazama tangi lisilo na maandishi, akasema tu, "Inang'aa."

Tangu hapo ikawa inachemsha betri. Balbu ziliungua, asidi ikanuka ua mzima, mita ikaonyesha volti kumi na saba pale ambapo kumi na nne zingetosha. Fundi aliyesifika kwa umeme wa pikipiki akawa mganga asiyejiganga. Alibadilisha betri. Akabadilisha kidhibiti, kile kisanduku kinachozuia chaji isizidi. Kumi na saba.

"Shemeji," alisema kaka wa mkewe, ameegemea mlango kama mtazamaji aliyelipa kiingilio, "enzi za marehemu betri moja ilikaa mpaka tukaisahau."

"Enzi za marehemu na wewe ulikuwa na nywele."

Mkewe alicheka, kisha akaigeukia pikipiki. "Kesho anakuja mnunuzi. Kama haiponi, bora iende. Siwezi kuitazama ikifa."

Hilo ndilo alilolitaka siku zote. Iende! Lakini kwa marehemu ilikuwa nzima, kwake imeharibika, na maiti ukishashindwa naye hakuna marudiano. Akaketi tena.

Aliunga waya kutoka kwenye mwili wa kidhibiti hadi upande hasi wa betri. Mshale wa mita ukashuka: kumi na nne. Akautoa waya, kumi na saba. Alielewa papo hapo, akatamani asingeelewa. Kidhibiti hakifanyi kazi mpaka mwili wake uguse chuma cha fremu, na hapa katikati palikuwa na rangi. Rangi yake. Nzito, mara mbili.

Akakifungua, akapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akakifunga.

"Ilikuwa nini?" mkewe aliuliza.

Waya umelegea: jibu la uongo lilikuwa tayari ulimini. "Rangi," akasema. "Nilipaka hata pasipopakwa."

"Najua ulichokuwa unafuta, mume wangu. Ungesema tu. Ningekushikia kopo."

"Na mnunuzi?"

"Nitamwambia asije."

Mkewe akafunga kanga vizuri, akapanda, akaipiga teke moja ikaitika, akatoka nayo getini peke yake. Fundi alibaki na msasa mkononi, akimfuata kwa sikio barabara nzima. Gia ya pili. Ya tatu. Mkewe alibadilisha kwa ulaini wa ajabu, na roho ikamuuma fundi upya: si yeye aliyemfundisha.